Niliambiwa Mara Tatu

Haya, mnanisikia? Ngoja nizime hita ya gari, inanguruma kama mashine ya kusaga. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Leo siwatembezi supamaketi kuwaonyesha bei ya unga. Nimeegesha kando ya ziwa, hili mnaloliona nyuma yangu. Linaitwa Onondaga, hapa Syracuse, jimbo la New York. Najua mkisikia New York mnawaza maghorofa. Kutoka hapa hadi kwenye hayo maghorofa ni zaidi ya saa nne kwa gari. Huku kwetu ni theluji, na ndugu zetu wa Kongo waliokuja kwa ukimbizi, na ziwa.

Na ziwa hili lina wenyewe. Wanajiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Vitabuni mtawakuta kwa jina la Iroquois. Yalikuwa mataifa matano yanauana: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Wanasimulia kwamba akaja mtu wanayemwita Mleta Amani, na wa kwanza kulipokea neno lake alikuwa mwanamke, Jigonsaseh, aliyekuwa akiwalisha wapiganaji wa kila upande waliopita njia yake. Mama ntilie wa vita, jamani! Kando ya ziwa hilihili wakapatana, wakafukia silaha chini ya msonobari. Watuscarora walijiunga baadaye, kwenye miaka ya 1720, wakawa sita.

Sasa sikilizeni kilichonileta. Ukoo wao unafuata mama. Hapo Liverpool, si ya Uingereza, ni kamji ka palepale ziwani, kuna kituo cha historia yao kinaitwa Skä·noñh. Nilipolisoma hilo ukutani nikacheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Mimi si Mluguru wa Morogoro? Si ndivyo tulivyo, mtoto ni wa lukolo la mama yake? Lakini kwetu ukoo ni wa mama, kiti anakalia mjomba, na mjomba akishakaa nani atamwinua?

Hawa wamelijibu hilo. Chifu ni mwanaume, ila anayemteua ni mama wa ukoo. Anamjua tangu anatambaa, anajua alikuwa akigawana chakula na wadogo zake au alikuwa akiwapora. Hakuna mabango, hakuna kanga wala kilo ya sukari. Chifu anavishwa kilemba chenye pembe za kulungu wa huku, na anaambiwa ngozi yake iwe na unene wa shubiri saba, maneno ya watu yasimchome. Akianza kujisikia, anaonywa. Anaonywa tena. Ya tatu ikipita hajasikia, mama wa ukoo anamvua pembe. Hangoji miaka mitano.

Na msidhani nawauzia hadithi tamu. Mwaka 1779 George Washington, huyu wa kwenye noti ya dola moja, alituma jeshi kuchoma vijiji vyao na mashamba yao ya mahindi. Wao wanamwita Mharibu Miji mpaka leo. Halafu mwaka 1988 Bunge la Marekani likapitisha azimio la kukiri kwamba muungano wa watu hawa ulichangia katika kuundwa kwa Marekani. Wanahistoria wanavutana ulichangia kiasi gani, wavutane tu. Mimi naangalia kilichoachwa: kama waliuiga ule muungano, basi mama wa ukoo walimwacha mlangoni.

Wanawake wa Kizungu wa maeneo haya waliliona hilo. Kiangazi cha 1848 Lucretia Mott, mpigania haki za wanawake, aliwatembelea Waseneca kwenye eneo lao la Cattaraugus, na Julai mwaka huohuo akawa kwenye mkutano wa Seneca Falls, wa kudai haki za wanawake, pamoja na kura. Waliotia saini tamko lao walikuwa mia moja, wanawake 68 na wanaume 32. Mpigania haki mwenzake, Matilda Joslyn Gage, aliyekuwa akiishi Fayetteville hapa jirani, aliandika waziwazi kwamba kwa hawa Wahindi Wekundu, kama walivyowaita enzi hizo, madaraka ya wanawake na wanaume yalikaribia kuwa sawa. Ila historia ina vijembe vyake. Desemba ya 1848 hiyohiyo, sehemu kubwa ya Waseneca waliachana na machifu wa pembe, wakaandika katiba ya kuchagua rais kwa kura. Na kura ikawa ya wanaume. Mwanamke wa Kiseneca alikuja kupiga kura mwaka 1964. Waonondaga, wenye ziwa, hawakubadilika. Mama zao wa ukoo wapo kazini hadi leo.

Mtaniuliza, sisi je? Kwetu Tanzania, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaupa mkutano wa kijiji nguvu ya kuchagua halmashauri na pia ya kuwaondoa wajumbe wake. Nguvu ya kuvua pembe tunayo. Mara ya mwisho umekwenda lini kwenye mkutano wa kijiji?

Lakini ngoja, mimi nani wa kuwauliza. Mnakumbuka mwaka juzi niliwaambia nimeacha uenyekiti wa kachama ketu ka Waswahili hapa mjini? Nilikaa hivihivi mbele ya kamera nikasema nimeng'atuka. Neno la Mwalimu Nyerere kabisa, nikalivaa. Mkajaza komenti za pongezi.

Sikung'atuka. Nilivuliwa.

Dada mmoja alinifuata akaniambia, "Mwenyekiti, vikao vya Jumamosi usiku sisi wa zamu hatufiki." Nikamjibu tutalifanyia kazi. Mama mmoja mtu mzima, wa Bukavu, akanipigia simu: "Mama, unaamua na watu watatu, halafu sisi unatuletea habari." Nikamshukuru kwa maoni. Ya tatu ilikuwa kikaoni, mchango wa msiba, nimetangaza kiasi kabla ya kuwauliza wafiwa. Yuleyule mama akasimama, nikamkata maneno. Kikao kilichofuata wakachagua mwingine. Shubiri saba? Ngozi yangu haikufika hata kucha.

Haudenosaunee wana utaratibu wao kabla ya kumsimika chifu mpya, maana kuna aliyekufa na watu wana majonzi. Upande mmoja unaupangusa upande mwingine machozi kwa ngozi laini ya kulungu, ili waone. Unawazibua masikio, ili wasikie. Unawasafisha koo, ili waseme. Mambo ya baraza yanafuata baadaye. Na angalieni, hujipangusi mwenyewe. Anakupangusa mwenzako. Mimi nilikuwa na watu wawili wanaonizibua masikio bure, nikawaona wana wivu.

Wiki iliyopita nimemtumia ujumbe yule mama wa Bukavu. Niliandika mrefu, nikafuta, nikaandika mfupi: samahani mama, ulisema kweli, siku ile nilikukata maneno. Alikaa siku mbili kimya. Asubuhi hii kajibu kwamba kikao ni Jumapili saa nane mchana, siku hizi hawafanyi usiku, na nikija nije na maandazi, watoto wanayapenda.

Kioo kimeganda chote, sioni hata ziwa. Nikwangue barafu niwahi unga.