Msiuze Massey ya Babu kwa Kilo

(Mhadhara kwa wakulima na vijana wa ufundi, Njoro, Kaunti ya Nakuru)

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie zana za kilimo kwa jumla. Sitafanya hivyo. Nitazungumzia trekta dogo la zamani, kwa sababu nikitoka hapa kuelekea Molo nitaliona limeachwa nyuma ya zizi, kuku wamelala kitini, na mwenyewe amekodi trekta la mtu mwingine. Jambo hili linanichoma. Nitalisema mpaka lisikike.

Nina maana ya Massey Ferguson 35, 135, na lile la kijivu lililoyatangulia, Ferguson TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Yalitoka zaidi ya nusu milioni. Yalivyofika hapa na yalivyobaki mikononi mwetu mnajua nyote, sina haja ya kusimulia. Mwenye kubuni mfumo wake, Harry Ferguson, alikuwa mtoto wa mkulima wa Ireland, na alilifikiria shamba dogo. Zamani trekta liliburuta plau nyuma yake. Plau ikikwama kwenye jiwe, trekta linainuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson akaifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Udongo ukiwa mzito, ule mkono wa juu unasukumwa, haidroliki, ile nguvu ya oili inayoinua zana, inapata habari, inainua plau kidogo, na uzito unahamia kwenye magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana kitu cha tani moja na ushei kinalima bila kuteleza. Nendeni mkaangalie matrekta mapya ya mamilioni: nyuma yana mikono ile ile mitatu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, “Mwalimu, hivyo vikongwe havina nguvu.” Januari 1958, Edmund Hillary, mpanda milima wa New Zealand, alifika Ncha ya Kusini ya dunia, juu ya barafu, kwa Ferguson hizo hizo zilizofungwa mikanda kama ya tingatinga kwenye magurudumu. Sasa wewe uniambie shamba lako la viazi la Mau Narok limelishinda!

Acha niwaambie ya mama mmoja wa Rongai. Mumewe alimwachia Massey 35. Lilikaa chini ya mgrivelea misimu kadhaa, kwa sababu fundi mmoja alimwambia injini imekufa, inataka ovaholi. Mnunuzi wa skrapu akaja na mizani. Si na pesa za trekta, na mizani! Walikuwa wanabishana bei ya kilo nilipofika na vijana wangu wawili. Nikamwomba yule mama atupe asubuhi moja tu.

Kwanza tukashika feni tukaizungusha kwa mkono. Ikazunguka. Vijana, hapo ndipo penye jibu: injini inayozunguka na kukukatalia kidogo kwa mgandamizo haijafa. Tukafungua kikombe cha glasi kilicho chini ya tangi. Kilikuwa na maji, dizeli kidogo inaelea juu. Filta ya dizeli, tope. Chujio la hewa, lile la bakuli la oili, oili ilikuwa imekauka, na panya wamejenga ndani ya bomba. Tukaosha kila kitu kwa dizeli safi, tukaweka filta mpya na betri ya kuazima.

Halafu nikamwita mjukuu wa yule mama, kijana wa kidato cha tatu, nikampa spana. Nikamwambia alegeze skrubu iliyo juu ya filta, apige kile kiwiko kidogo cha pampu ya mkono. Ikatoka povu, yaani hewa iliyonaswa kwenye dizeli. Nikamwambia aendelee, asichoke. Povu likaisha, dizeli ikatoka nzima, akakaza. Akahamia skrubu za pampu ya injekta, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, vivyo hivyo. Mwisho akalegeza nati za mabomba kwenye injekta, mwenzake akapiga starta, dizeli ikaruka, akakaza moja moja. Injini ikakohoa moshi mweupe, ikashika, moshi ukasafika. Mama akaanza kulia. Yule wa mizani akafunga mizani yake.

Ugonjwa ulikuwa maji na hewa, basi. Na maji yalitoka wapi? Si lazima yatoke kwenye kituo cha mafuta. Ukiacha tangi nusu usiku wa baridi, na baridi ya Molo mnaijua, hewa iliyo ndani inatoa umande, umande unashuka chini ya dizeli. Dawa yake haigharimu kitu: jaza tangi jioni, si asubuhi, na mwaga maji ya kile kikombe kabla ya kuwasha. Nimelisema hili mara nyingi mpaka watu wananisalimia kwa maneno hayo, na bado matangi yanalala nusu.

Nimekaa sana kwa mama huyu kwa sababu kijana yule hakuhitaji kompyuta. Hakuhitaji kumpigia mtu Nairobi aje na waya wa kupima. Ferguson walitoa trekta lao na spana iliyochongwa alama za inchi, ili spana hiyo hiyo iwe pia rula ya kupimia plau. Walitaka mkulima ajitengenezee mwenyewe. Hiyo ndiyo mali ninayowalilia: chombo ambacho mwenyewe anaweza kukifungua, akaona kosa, akalirekebisha, na mtoto wake akajifunza akitazama. Kikiyeyushwa kuwa nondo, ufundi wake nao unaondoka, maana hakuna kijana atakayejifunza kwa trekta lisilokuwepo.

Spea? Kila mara mtu ananiuliza spea. India na Pakistan waliendelea kuunda Massey za ukoo huu miaka mingi baada ya Waingereza kuacha. Gasketi, ringi, filta, sahani za klachi, hata pistoni zinapatikana hapa Nakuru mjini. Ubebe ile ya zamani mkononi uzilinganishe kaunta, usitaje namba kwa simu.

Na anayesema kukodi ni rahisi kuliko kutunza, naye nimjibu. Mvua ya Machi ikianguka, mwenye trekta kubwa ataanza na nani, wewe wa ekari mbili au yule wa ekari hamsini? Wewe utalimiwa Aprili katikati, mahindi ya jirani yakiwa yameshaota. Na akija, trekta lake kubwa linageukia juu ya ua wako.

Anayetaka kununua 35, hesabu silinda kabla ya kutoa pesa. Za kwanza za dizeli zilikuwa na injini ya silinda nne ya Standard, nayo ni sumbufu kuwasha, sembuse kwenye baridi yetu. Mwisho wa 1959 wakaanza kuweka Perkins ya silinda tatu. Chukua ya silinda tatu. Oili ya gia ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, kwa hiyo ukiiona nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji ndani. Ibadilishe kabla hujainua plau.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Magurudumu: likikaa bila kazi, liinue juu ya magogo. Matrekta haya hayana fremu ya kumkinga dereva yakipinduka, kwa hiyo msipande kingo za mtaro, na hakuna mtoto wala tanboi kukaa juu ya madigadi. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine iwe na kifuniko, na asiyekuwa na kifuniko asivae koti refu wala leso karibu nayo. Hilo nilitaka kulieleza vizuri, tutalirudia siku nyingine.

La mwisho ni logbook, hati ya umiliki wa trekta. Nyingi bado zina jina la babu aliyefariki, na ndugu wanagombana siku mnunuzi anapokuja. Malizeni urithi huo mapema, jina liandikwe la yule anayelitumia trekta. Sasa tutokeni nje. Kuna 135 pale chini ya mti, nimeiacha na hewa kwenye mabomba makusudi. Anayetaka kujifunza, aje na spana yake.