Gawanya kwa 25: Unene wa Rangi kwenye Magari ya Modeli ya Zamani

Mhadhara kwa waundaji wa modeli za plastiki, Kisumu

Hamjambo, ndugu zangu. Wa Kisumu, wa Kakamega, na nyinyi wa Nakuru mliopakata maboksi yenu njia nzima, karibuni tuanze. Skeli ni nini sitaeleza, wala boksi la AMT au la Monogram, kampuni zile za modeli za Marekani, lina nini ndani; hayo mnayajua. Nimekuja na neno lile lile ambalo wengi wenu mmeshalisikia kwangu, na nitalirudia mpaka nione magari yamebadilika: rangi yenu ni nene mno.

Tufanye hesabu. Chukua gari la Marekani la miaka ya 1960. Pengo kati ya mlango na bodi, kwenye gari lenyewe, tuseme ni milimita 5. Kwenye skeli ya 1/25, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 25, pengo hilo linabaki milimita 0.2. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyo nayo. Sasa unapiga praima, ile rangi ya chini, koti mbili, rangi koti tatu, kisha vanishi koti mbili. Tuseme jumla yake ni milimita 0.05. Unaniambia ni kidogo, haionekani. Lakini rangi hupanda kwenye kuta zote mbili za mfereji: 0.05 upande huu, 0.05 upande ule. Nusu ya pengo imekwenda! Na chini ya mfereji rangi imejikusanya, kwa sababu kila kioevu hukimbilia kwenye kona. Unachobakiwa nacho ni mbonyeo tu, na mlango umegeuka mchoro.

Haya, igeuze hesabu. Milimita 0.05 ukizidisha kwa 25 ni milimita 1.25. Hakuna gari lililotoka kiwandani Detroit likiwa na rangi ya unene wa milimita moja na robo. Rangi ya gari halisi, pamoja na praima yake, ni kama milimita 0.1 tu. Ukiigawanya kwa 25 unapata 0.004, na hapo hakuna binadamu anayefika. Sawa, hatufiki. Lakini tofauti ya fundi aliyeishia 0.03 na yule aliyeishia 0.1 huioni kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, peke yake. Unaiona ukiwa umesimama mlangoni mwa chumba.

Asiyeamini apime. Mafundi wa injini hapa mjini wana maikromita inayosoma milimita 0.01. Kata kipande bapa cha plastiki, kipime, ukipige rangi upande mmoja tu kwa mkono wako wa kawaida, ukiache wiki nzima, kisha ukipime tena. Fanya hivyo kabla hujabishana nami.

Najua swali linalokuja. Mtu atasema: ukipunguza rangi, gari litapoteza mng'ao. Si kweli, na maneno haya yameharibu bodi nyingi. Mng'ao unatokana na uso ulionyooka. Rangi nyembamba juu ya praima iliyosuguliwa vizuri inang'aa kushinda rangi nene yenye mawimbi juu yake. Wanaojaza vanishi juu ya uso mbaya wanafunika kosa kwa kosa.

Basi kazi inaanza kabla ya kopo kufunguliwa. Kwanza mifereji. Kalibu za zamani zilichoka kwa kutumika, na mifereji ya milango na buti mara nyingi imetoka na kina kidogo. Ichimbe. Tumia wembe wa upasuaji namba 11, lakini mgongo wake, si makali: geuza wembe, ncha iingie mfereji, uvute taratibu. Mara tano, sita, saba, bila kukandamiza. Anayekandamiza mara moja atateleza, na mkwaruzo utakatiza mlango wote. Kwenye kona weka tepu ngumu ya lebo iwe rula yako. Ukiteleza, tia tone la supagluu kwenye mkwaruzo na ulisugue siku hiyo hiyo; likilala hadi kesho linakuwa gumu kuliko plastiki iliyolizunguka, na msasa utakula plastiki uliache lenyewe. Usichimbe ukatoboa: kwenye bodi nyingi plastiki ni kama milimita 1.5, na chini ya dirisha huwa nyembamba zaidi.

Pili, mshono wa kalibu. Kwenye bodi za Marekani hupita juu ya mabawa ya mbele na kwenye nguzo za nyuma za paa. Ukwangue kwa wembe, halafu msasa wa maji namba 600, halafu 1000. Usiposhughulikiwa, rangi nyembamba itauonyesha. Ndiyo maana wavivu wanapenda rangi nene.

Tatu, maandishi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo magari mengi mazuri hufia. Jina la gari lililochorwa ubavuni limeinuka sehemu ndogo sana ya milimita, na koti mbili za kopo zinatosha kulimeza. Baadaye unaona mtu anajaribu kulirudisha kwa brashi na rangi ya fedha, mkono unatetemeka, na herufi zinakuwa uji. Iko njia iliyo safi. Kabla ya rangi, ukishapiga praima nyepesi, bandika foili ya Bare-Metal, ile alumini nyembamba sana yenye gundi, juu ya maandishi, ishindilie kwa kijiti cha meno kilichofanywa butu mpaka kila herufi ionekane, kisha ikate kando kwa wembe mpya. Piga rangi juu yake kama vile haipo. Rangi ikishika, lakini kabla ya vanishi, chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye thina kisha uikamue mpaka iwe karibu kavu, na uipitishe juu ya herufi tu. Rangi inatoka kwenye vilele, foili inatokea inang'aa, na mashimo kati ya herufi yanabaki na rangi ya bodi. Ndivyo gari lenyewe lilivyo. Pamba ikilowa, umekwisha: thina itashuka kando na kuacha doa. Ikamue!

Anayekosa foili hiyo anaweza kutumia ile ya jikoni na gundi nyembamba, lakini kwenye maandishi haifai, ni nene. Iwekee fremu za madirisha.

Sasa kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta yaliyopakwa kalibu ili bodi iachie, na boksi la miaka 50 limeshikwa na mikono mingi. Rangi inayokimbia na kuacha vijishimo vya duara imekutana na mafuta. Baada ya hapo shika bodi kwa ndani tu.

Ukipata bodi iliyopakwa rangi kwa brashi na mtoto fulani mwaka wa 1970, usiisugue. Itumbukize kwenye mafuta ya breki ya DOT 3, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko, uiangalie kila baada ya saa chache. Enamel ya zamani huanza kukunjamana na kutoka kwa mswaki. Vaa glavu, linda macho. Usiisahau humo wiki nzima, plastiki nyingine hudhoofika. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ile fremu ya plastiki inayoshika sehemu za modeli.

Praima. Duko ya magari inauzwa kila duka la rangi na ni nzuri, lakini thina yake inakula polistirini, plastiki ya modeli zetu. Ukiipiga mbichi juu ya plastiki tupu, uso unapasuka vijimistari vidogo vingi, na hakuna vanishi inayoviponya. Ni kusugua upya mpaka plastiki. Kwa hiyo koti ya kwanza ya praima iwe vumbi tu, karibu kavu, plastiki ionekane bado. Subiri dakika 10 au 15. Ya pili ifunike. Ikikauka kabisa, msasa wa maji 1500, ukipita mbali na kingo, kwa sababu kingo ndizo huisha kwanza. Jaribio lako la kwanza lifanyie upande wa ndani wa paa, ambako hakuna atakayeangalia.

Plastiki nyekundu ni jambo jingine. Rangi iliyochanganywa ndani yake hupanda na thina, na gari jeupe linakuwa la waridi baada ya wiki. Weka koti ya rangi ya fedha kati ya praima na nyeupe. Au liache liwe jekundu.

Kwa aibrashi, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa: pua ya milimita 0.3, shinikizo la psi 15 hadi 20, umbali wa sentimita 10 hadi 15, rangi iliyolainishwa hadi itiririke ukutani mwa kikombe kama maziwa. Kwa duko hiyo ni sehemu moja ya rangi kwa moja na nusu au mbili za thina. Ukienda mbali au rangi ikiwa nzito, inakauka hewani na kutua kama punje. Ukikaribia mno inatiririka. Wanaotumia kompresa ya friji kuukuu wanafanya vyema, haipigi kelele. Lakini hutema mafuta yake, na hewa ya hapa ina maji. Weka tangi dogo na chujio la maji na mafuta, la sivyo tone moja litatua juu ya boneti siku ya koti ya mwisho.

Na hewa ya hapa tuiseme. Thina inapokauka hupoza uso wa rangi. Hewa yenye unyevu ikiugusa, maji yanatulia juu yake na rangi inaota ukungu mweupe. Kisumu pigeni kati ya saa nne na saa saba mchana, kabla upepo wa ziwani haujaleta mvua ya jioni, na mtumie thina inayokauka polepole. Ukungu ukitokea, puliza thina hiyo hiyo peke yake, nyepesi sana, mara nyingi utaondoka. Usiku msipige kamwe: vijidudu vya ziwani vinafuata taa, na vitatua kwenye rangi mbichi. Nakuru shida yenu ni baridi ya asubuhi na vumbi la Januari na Februari. Lowesheni sakafu. Kopo la sprei likae kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kamwe si ya kuchemka, linaweza kulipuka.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Tafuta yenye vichujio vya mkaa. Sitabishana juu ya hilo.

Metali. Chembe ya rangi ya metali ya gari halisi ikiwa milimita 0.03, kwenye skeli ya 1/25 ni sawa na chembe ya milimita 0.75 juu ya gari halisi. Hiyo ni mapambo ya harusi. Tumia zilizotengenezewa modeli, au ya lulu laini.

Hesabu hiyo hiyo iwahusu wapenzi wa Safari Rally, na najua mko wengi. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann ilikuwa nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni. Watu wanaipaka vizuri, halafu wanachota udongo wa Naivasha wenyewe na kuubandika kwenye mabawa. Ni udongo halisi, wananiambia. Halisi, ndiyo, lakini punje ya nusu milimita kwenye skeli ya 1/24 ni kokoto ya milimita 12! Saga chaki laini ya kuchorea, nyekundu na kahawia, ipitishe kwenye kipande cha soksi ya nailoni, uipake kwa brashi kavu juu ya vanishi isiyong'aa. Nyuma ya magurudumu na mkiani zaidi, paani kidogo. Kioo cha mbele acha alama za waipa.

Muda unanibana, kwa hiyo haya yaliyobaki nitayapita.

Kromu: ile ya kiwandani ni alumini nyembamba juu ya koti ya vanishi. Jik huiondoa, wakati mwingine kwa dakika chache. Lakini vanishi iliyokuwa chini inabaki, na ndiyo inayojaza nafasi za grili, kwa hiyo iondoe nayo kwa spiriti. Osha kwa maji mengi katikati. Jik na spiriti zisikutane, zinatoa sumu. Kisha grili ipate wino mweusi ulioyeyushwa sana kwenye mashimo yake.

Stika za maji zilizogeuka njano: zibandike dirishani kwenye jua siku kadhaa. Kabla ya kuzitia majini zipige vanishi nyembamba, maana za zamani hupasuka vipande. Kata ukingo wote usio na picha.

Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu hutoa mvuke unaovifukiza vikawa vyeupe.

Matairi nayo nilitaka kuyatengea robo saa, nayo sina. Yale ya vinili laini yana mafuta ya kulainisha ndani yake, na mafuta hayo hutoka pole pole na kuyeyusha polistirini yoyote inayogusana nayo: rimu, kioo, hata paa la bodi. Rimu zifunikeni kwa foili pale tairi linapokaa. Na wenye maboksi ambayo hayajajengwa, msingoje kufika nyumbani: fungueni sasa hivi, toeni matairi, yafungeni kwenye mfuko wake peke yake. Kuna meza pale nyuma.