Kuwa na Sifa Si Kuchaguliwa

Kaeni, kaeni wanangu. Wazazi mlionizidi umri shikamooni, walio chini yangu nimeshaitikia. Mkuu wa shule amenipa dakika arobaini, naye anajua fika kwamba kwa mtu aliyefundisha kemia miaka thelathini na moja, dakika arobaini ni salamu. Walionisikia mwaka jana na mwaka juzi wanivumilie. Nitasema yale yale kuhusu kuomba vyuo, maana makosa nayo ni yale yale.

Kila Julai, Baraza la Mitihani likishatoa matokeo ya Kidato cha Sita, simu yangu haipumziki. Mwaka mmoja alinipigia baba mmoja saa nne usiku, sauti imemkauka. "Mwalimu, kijana kaanguka. Chuo wanataka pointi sita, yeye kapata tatu tu." Nikamwuliza, tatu za wapi? "Hapa wameandika divisheni wani, pointi tatu." Nilicheka mpaka mke wangu akaamka. Nikamwambia, mzee, tafuta mbuzi uchinje. Mtoto ana A tatu!

Mnacheka. Haya, chaki iko wapi? Baraza linahesabu kama mbio, namba ndogo ndiyo ushindi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. A tatu zinakupa 3, na juu ya hapo hakuna. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kama gunia la mahindi, likijaa ndiyo raha. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. A zile zile tatu sasa ni 15. Udaktari wa binadamu, mwongozo wa TCU unataka fizikia, kemia na baiolojia, jumla isipungue pointi 6, na kila somo angalau D. Jumlisheni D tatu. Ngapi? Sita. Kumbe mwenye D tatu ana sifa za kuomba udaktari.

Naona mnavyotazamana. Mtego uko hapo hapo. Anaomba, ndiyo, lakini anapanga foleni moja na wenye 15, na 14, na 13. Chuo kina nafasi zake, kinaanza kuita kutoka juu, kinashuka, nafasi zikiisha kinafunga daftari. Pale kilipofungia ndipo palipo pointi za mwaka huo. Kwa hiyo mtoto anayenifuata korido, "Mwalimu, nikipata B mbili na C nitaingia chuo cha udaktari Muhimbili?" ananiuliza bei ya nyanya ya Desemba na leo ni Machi. Inategemea watu wataleta matenga mangapi sokoni. Sijui mimi, hajui mkuu wa shule, na mjomba wako wa Dar anayesema anajua, naye hajui.

Nilikuwa na binti mmoja wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Simtaji jina, ni mtu mzima sasa na ana ndugu humu humu. Ndani ya mfuniko wa dawati lake alibandika karatasi imeandikwa "MD, MUHIMBILI", MD ndiyo huo udaktari, na chini yake masomo matatu. Kila jaribio likirudishwa alifuta kwa raba akaandika alama mpya, mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye fizikia. Usiku wa prepo wenzake wanasoma, yeye anapiga hesabu: nikipata B hapa na C pale, halafu wengine wakifeli... Wakifeli! Mtoto mzuri kabisa, anaombea wenzake mabaya bila kujijua.

Ikaja moku, vitendo vya kemia, nikasimama nyuma yake. Titresheni, kudondosha asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke, kitu alichokwisha kukifanya mara ishirini. Ameweka M.O., dawa ya kuonyesha rangi, matone mawili, chupa ina rangi ya njano, anafungua bureti pole pole. Ikigeuka chungwa unafunga, basi. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Tone, tone, tone, halafu nyekundu hiyo, imekolea. Amepitiliza. Dawa ipo, muda upo, angemwaga akaanza upya. Badala yake akanigeukia, machozi yako tayari: "Mwalimu, kwa hii B imeondoka?" Nilielewa siku ile kwamba huyu mtoto hayumo maabara. Yuko Upanga, Dar es Salaam, getini kwa chuo, anabishana na mlinzi.

Matokeo yakatoka: baiolojia B, kemia B, fizikia C. Divisheni wani ya 7. Kwa gunia la TCU, 4 na 4 na 3, ni 11. Zinatakiwa 6, ana 11. Akaomba chuo kimoja, kozi moja. Nilimwambia, binti yangu, omba na Bugando, omba KCMC Moshi, omba Dodoma, jaza famasia, jaza maabara. Baba yake akasema mbele yangu, "Mwalimu, ukijaza vingi unajiitia mkosi." Awamu ya kwanza hakuchaguliwa. Akajifungia chumbani. Alipotoka, awamu ya pili ilikuwa inaelekea ukingoni, udaktari umejaa kila alikogusa, na kozi zilizobaki hakutaka hata kuzisikia zikitajwa. Mwaka mzima akauza vocha kwenye kibanda cha shangazi yake, na divisheni wani yake iko kwenye bahasha juu ya kabati. Mwaka uliofuata akaenda famasia, mkoani. Msiniulize kama ana furaha. Kuna siku ananiambia ndiyo, kuna siku ananiambia hapana, kama watu wote wenye kazi. Kinachoniuma ni ule mwaka. Uliliwa na fomu yenye nafasi tupu.

Najua mzazi mmoja hapo mbele anasema moyoni, huyu mwalimu anawakatisha watoto tamaa. Hapana mama. Ombeni Muhimbili! Iweke ya kwanza, kwa herufi kubwa ukitaka. Ninachokataa ni kuiweka peke yake.

Mwingine anasema jina la chuo lina uzito. Lina uzito, sitawadanganya. Lakini tuangalie uzito huo ulitoka wapi. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria, wakisomea jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, na kwa zaidi ya miaka thelathini nchi nzima ilikuwa na mlango huo mmoja. Hubert Kairuki na KCMC walianza kufundisha madaktari 1997, Bugando 2003. Sisi wazazi tulikua wakati mlango ni mmoja, ndiyo maana mpaka leo tunawasukumia watoto kwenye mlango mmoja. Na wanafunzi wa vyuo vyote hivyo wakimaliza wanakwenda utarajali wodi zile zile. Mwaka juzi nililazwa na ngiri, akaja daktari tarajali kunitafuta mshipa. Nikamwuliza kasoma wapi; kuuliza hivyo ni ugonjwa wa walimu. Akanijibu. Nimeshasahau alichojibu, ila nakumbuka alipata mshipa mara ya kwanza.

Kasumba hiyo ya majina iko hata kwa shule. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nilifurahi. Wiki haikuisha, nikaona bango barabarani, shule imejitangaza yenyewe, picha za watoto zimepangwa kama wagombea udiwani. Basi, nikanyamaza.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Nimeiona, baba. Yaliyobaki nayataja mbio mbio, na haya ndiyo yanayowaangusha wengi kuliko fizikia.

Usimwachie kijana wa steshenari aweke barua pepe yake na namba yake ya simu kwenye maombi yako. Ukichaguliwa vyuo viwili au vitatu lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri, na namba hiyo inatumwa kwenye simu iliyojazwa. Namjua mtu aliyemtafuta kijana wa steshenari siku nne, kumbe kahamia Kahama. Mtakaokuwa kambini JKT matokeo yakitoka, acheni laini kwa mtu mnayemwamini, na nyaraka zote kwenye bahasha moja. Mkopo: Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi, na kuhakiki hakufanyiki usiku wa mwisho. Jina la cheti cha kuzaliwa lifanane na la Kidato cha Nne; wewe unayejiita Jofrey huku na Geoffrey kule, shughulika na hilo wiki hii. Ufadhili wa Samia nitaueleza nje, kwenye kivuli.

Swali moja tu. Wewe wa nyuma, mwenye sweta. Simama. Kama unataka kuniuliza B mbili na C, kaa chini.

Haya, amekaa.