Huntha hajizalishi peke yake

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia juu ya jambo hili, na leo hapa Bukavu nalirudia, kwa sababu juzi nilikuwa nasahihisha kopi za mtihani na nimelikuta tena: «Kamba huyu ni huntha, kwa hiyo anajipa mimba mwenyewe.» Hapana! Huntha ni kiumbe mwenye udume na ujike pamoja, basi. Hiyo «kwa hiyo» ndiyo inayoninyima usingizi.

Mchukueni kamba wa bahari aitwaye Lysmata. Akipevuka anaanza kama dume. Akizidi kukua anaongeza ujike, na udume hauachi: tezi yake ya uzazi upande wa mbele ni ovari, upande wa nyuma ni korodani. Mayai yanatokea kwenye shina la jozi ya tatu ya miguu ya kutembelea, mbegu kwenye jozi ya tano. Milango yote miwili iko jirani kabisa. Basi kitu gani kinamzuia?

Tazameni usiku wa kujivua gamba. Yule ambaye mayai yake yameiva anavua gamba, anabaki laini kama ndizi iliyomenywa. Mwenzake, ambaye gamba lake bado gumu, anamkaribia na kumbandikia mbegu upande wa chini wa mwili. Saa chache tu, mayai yanatoka, yanarutubishwa, yanashikamana na vijiguu vya tumboni, na hapo mama atayabeba mpaka yaanguliwe. Usiku ule mmoja ni mama, mwingine ni baba. Zamu ya mwingine kujivua ikifika, wanabadilishana. Mwaka 1998 watafiti Raymond Bauer na Joan Holt walimweleza hivyo Lysmata wurdemanni. Ukimfungia peke yake atataga, ndiyo, lakini mayai hayakui. Yanaharibika na kupotea.

Najua kuna atakayenyoosha mkono: «Profesa, na konokono wa kichocho?» Swali zuri, nalipenda. Biomphalaria, konokono anayebeba vimelea vya kichocho, ni huntha na kweli anaweza kujirutubisha. Mmoja tu akiachwa kwenye mfereji, mfereji utajaa tena. Ndiyo maana nakasirika! Kuwa na jinsia mbili ni jambo moja, kujirutubisha ni jambo lingine, na anayepambana na kichocho akiyachanganya, atadhani konokono mmoja aliyebaki si kitu.

Naona muda unanikimbia. Na si kamba wote walio kama Lysmata: Pandalus borealis, kamba wa maji baridi ya kaskazini, huwa dume kwanza, kisha jike kabisa; kwa hiyo wavu unaochagua wakubwa unachagua mama. Kamba wa kufugwa, Penaeus, dume ni dume na jike ni jike. Tezi ya udume, ile inayowafanya jamaa za kamba kuwa madume, aliyoieleza mtafiti Hélène Charniaux-Cotton mwaka 1954, tuiache kwa siku nyingine.

Kesho maabara, mgeuzeni chali kila kamba aliye kwenye spiriti, mhesabu jozi tano za miguu kuanzia mbele. Angalieni shina la tatu, kisha la tano. Mkikuta tundu kwenye yote mawili, andikeni «huntha», mweke nukta. Neno «kwa hiyo» nisilione.