Kwanza ICU, Kisha Sare

Asante, mwenyekiti. Ndugu wauguzi, mmenisikia nikilisema hili mpaka mmechoka, na leo nalirudia: usitie saini jeshini hapa Marekani kwa matumaini kwamba kusomea usingizi, yaani uuguzi wa kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, kutakuja mbele ya safari.

Shule za usingizi za jeshi zenyewe sina ugomvi nazo. Jeshi la nchi kavu lina yake Fort Sam Houston, Texas, na shahada inatolewa na Chuo Kikuu cha Baylor. Wanamaji na wanaanga wana chuo kule Bethesda, Maryland. Ni kama miaka mitatu. Karo hulipi, mshahara wa uofisa unaingia, na deni unalilipa kwa miaka ya utumishi baada ya kuhitimu. Lakini mlangoni utaulizwa kazi ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, angalau mwaka mzima.

Najua mtasema, "Si jeshi litanipeleka ICU?" Litakupeleka linakokuhitaji! Muuguzi mpya mara nyingi huangukia wodi ya kawaida, kisha anapanga foleni ya kozi ya wagonjwa mahututi huku miaka ya mkataba ikiyoyoma. Ahadi ya mdomo ya mwandikishaji haimo kwenye mkataba. Kaa uraiani, fanya ICU, kisha omba shule moja kwa moja. Jeshi la nchi kavu linapokea maombi ya raia.

Na ICU ninayosema si ya kuhesabu siku. Chukueni mgonjwa wa sepsisi, maambukizi yaliyovuruga mwili mzima: yuko kwenye mashine ya kupumulia, norepinefrini, dawa ya kupandisha presha, inadondoka, ana mrija wa kupimia presha ndani ya ateri. Presha ya wastani inasoma 65, wewe umeridhika. Kumbe kitanda kiliinuliwa wakati wa kubadilisha shuka, na kipimio cha mrija huo kimebaki palepale kwenye nguzo, sentimita 10 chini ya usawa wa moyo. Hapo kinakuongezea takriban milimita 7 za zebaki. Mgonjwa yuko 58, nawe unajiandaa kupunguza dawa! Anayeshusha dawa kabla ya kutazama kipimio kiko wapi, usaili utamshinda. Atakayeulizwa kwa nini propofoli, dawa ya usingizi, inashusha presha ajibu kwamba mishipa inalegea; "ndivyo ilivyo" si jibu. Huko mbele, kwenye timu ndogo ya upasuaji karibu na mapigano, daktari wa usingizi wa kumwita huenda asiwepo.

Haya, naonyeshwa saa. Haraka haraka: Green Card, kibali cha ukaazi wa kudumu, haitoshi kupata uofisa, uraia kwanza. Ukiwa na shahada ya uuguzi, usiingie ofisi ya uandikishaji ya kawaida, maana watakuandikisha askari wa kawaida na shahada yako mkononi. Ulizia mwandikishaji wa maofisa wa afya. Mkataba usomeni wote, hasa pale panaposema utumishi unaanza kuhesabiwa lini, na nini kinatokea ukifeli shule katikati. Wengi hawaulizi hilo la pili. Ukiondolewa shuleni, sare huvui.

Umri na vipimo vya afya tutaviacha. Maswali?