Faini Ile Hulipwa kwa Kazi Ileile

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, nanyi wanafunzi wa sheria mliojaa huko nyuma, asanteni. Nimeombwa niseme kama umalaya uhalalishwe au usihalalishwe. Hili nimelizungumza miaka mingi, na kila mara naanzia palepale: mahakamani, Jumatatu asubuhi.

Nasema Jumatatu kwa sababu msako hufanywa Ijumaa na Jumamosi usiku. Wanawake hulala rumande, wakifika kizimbani bado wamevaa nguo zilezile, wameazimana kanga za kujifunika mapaja. Siku ile walikuwa kumi na mmoja. Shtaka lilisomwa mara moja kwa wote: kuzurura kwa nia ya umalaya, kinyume cha sheria ndogo za mji. Ni kweli au si kweli? "Ni kweli." "Ni kweli." Ikamfikia wa nane, mama wa makamo, mkononi ana mfuko wa nailoni. Akasema, "Mheshimiwa, mimi nilikuwa natoka kuuza mihogo." Ndani ya mfuko mlikuwa na ndimu na chupa ya pilipili ya unga, niliviona kwa macho yangu. Askari akasema alimkuta amesimama na hao wengine. Mshtakiwa mwenzake nyuma akamnong'oneza, "Shoga, sema kweli uende kwa watoto." Maana ukikana, utatakiwa dhamana, na kesi itaitwa leo na kuahirishwa hadi mwezi ujao. Yule mama akatazama chini. "Basi, ni kweli." Akatozwa faini sawa na wenzake.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mawakili nikingoja kesi ya shamba. Sikusimama. Ndiyo maana nasimama leo.

Nje nikamwuliza mmoja wao pesa za faini kazitoa wapi. "Nimekopa, madam. Leo usiku narudi kuzitafuta." Sikilizeni hapo. Mahakama imemwadhibu kwa kusimama barabarani, na adhabu yenyewe ndiyo inayomrudisha barabarani, tena na deni la riba juu. Hapo nani amekomeshwa?

Watu hudhani Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, tuliyoachiwa na mkoloni tangu 1930, inasema kuuza mwili ni kosa. Isomeni. Inaadhibu yaliyo pembeni. Kifungu cha 153 kinamtia hatiani mwanamume yeyote anayeishi, hata kwa sehemu tu, kwa mapato ya umalaya huku akijua. Ukikisoma kilivyoandikwa, kijana wa chuo anayelipiwa karo na mama yake, naye anajua pesa zinatoka wapi, yumo. Cha 156 kinataja nyumba, chumba, mahali popote. Wanawake wawili wakichangia kodi ili mmoja asikie mwenzake akipiga kelele, chumba hicho tayari ni danguro. Na kondomu! Wizara ya Afya inazigawa bure, kisha askari anazihesabu mkobani na kuzifanya ushahidi. Matokeo yake ni mwanamke kutoka nyumbani bila kinga.

Namwona sheikh wangu pale mbele anatikisa kichwa, nami namheshimu. Zinaa ni dhambi, sibishani naye. Lakini kusengenya ni dhambi pia, na hakuna aliyepelekwa gereza la Shimo la Tewa kwa kusengenya. Hata zinaa yenyewe si kosa la jinai katika sheria za Kenya. Mwenye mke akilala na jirani, polisi hawamgusi. Kwa nini basi sheria inakuwa kali pale tu mwanamke anapokuwa maskini na amesimama gizani?

Sasa wale wanaojiona wastaarabu huniambia: "Sawa, wahalalishwe, waandikishwe, wapimwe." Hapa ndipo naomba mnisikie vizuri, kwa sababu kuhalalisha kwa daftari na kuondoa kosa, yaani kufuta adhabu bila kumwandikisha mtu, ni mambo mawili tofauti kabisa. Senegal ina daftari tangu 1969. Mwanamke awe na miaka 21, ajiandikishe, apewe kitabu cha afya, apimwe kila mara. Na wengi hawajiandikishi, kwa sababu nani anataka jina lake likae kwenye orodha hiyo, mkwe wake aje kulisikia? Wasiojiandikisha hukamatwa kama kawaida. Uingereza ilijaribu kabla yao: kuanzia 1864, katika miji ya bandari na kambi za jeshi, wanawake walilazimishwa kupimwa huku wanaume waliowanunua hawaguswi. Josephine Butler na wenzake walipigana mpaka sheria zile zikafutwa 1886. Tusirudie ya 1864 tukayaita maendeleo.

Nilitaka kuieleza New Zealand kwa kirefu, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Kwa kifupi: 2003, kura 60 kwa 59, wakafuta kosa. Mwaka 2014 mwanamke wa kazi hiyo alishinda kesi dhidi ya mwendesha danguro aliyemdhalilisha kijinsia, akapewa fidia ya dola 25,000 za huko. Kwetu huyo angeanzia wapi? Sheria yao nayo ina kovu: wageni wenye viza za muda hawaruhusiwi kazi hiyo, na hao ndio hunyonywa bila kusema. Sweden tangu 1999 humwadhibu mnunuzi. Nia naielewa, lakini mnunuzi mwenye hofu huharakisha, na mwanamke hupanda gari kabla hajamtazama usoni aliyemo ndani.

Biashara ya watoto na ya watu waliolazimishwa sikuigusa kwa sababu hiyo ni jinai, ibaki jinai, na askari wanaopoteza Ijumaa kukamata wauza mihogo wangekuwa huko.

Wanafunzi, siwapi kazi ya kusoma. Jumatatu, saa tatu asubuhi, mahakama iko wazi kwa kila mtu. Kaeni benchi la nyuma, hesabuni wanaosema "ni kweli", kisha tokeni nje mkawaulize faini wameipata wapi.