Sahani Ile Ataiosha Nani?

Assalaam alaykum. Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi wenye mikahawa mliokaa safu ya mwisho karibu na mlango: nawaona.

Nimeitwa niseme kama mbwa waruhusiwe kuingia mikahawani na kwenye hoteli zetu za chakula. Mwenyekiti aliponipigia simu alinambia, "Wewe umewachoma sindano mbwa wa Pemba mpaka ukazeeka, hukosi la kusema." Kweli, silikosi. Lakini sianzi na sindano wala sheria. Naanzia nyuma ya nyumba, penye sinki.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na mpwa wangu, tukaingia hoteli moja ya ufukweni kula chakula cha mchana. Meza ya jirani alikaa bwana mmoja wa kigeni, mkaazi wa hapo hapo, na mbwa wake mkubwa wa manyoya ya rangi ya asali. Mbwa mpole, nashuhudia. Hakubweka, hakumsogelea mtu. Bwana alipomaliza samaki wake, changu wa kukaanga, akaitua sahani chini, na mbwa akairamba mpaka ikang'ara. Mhudumu akaja, kijana mwepesi, akaiokota, akaitia juu ya sahani nyengine tatu, yangu mimi ikiwa ya chini kabisa, akaingia nazo jikoni.

Nilipokwenda kunawa nikapita mlango wa jikoni. Muosha vyombo alikuwa binti wa Makunduchi, miaka kama ishirini hivi. Ameitenga ile sahani, na zile tatu zilizobebwa nayo kazitenga pia, anaangaza huku na huku. Nikamuuliza, "Umepotelewa na nini, mwanangu?" Akasema, "Babu, natafuta udongo."

Mnaoijua Paje mnajua: pale chini ni mchanga mweupe na jiwe, udongo wa haja hakuna. Akatoka, akenda mpaka kwenye chungu cha maua cha mapokezi, akachota gao moja la udongo mweusi, akarudi. Akaosha. Moja ya udongo, kisha maji, akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika nne msimamizi akaingia: sahani zinangojwa mbele, yeye anacheza na matope? Alifokewa pale pale mbele yangu. Binti hakujibu kitu, midomo tu ikaendelea: tano... sita...

Baadaye nikamuuliza kama anaogopa mbwa. Akacheka. Baba yake ni msasi, ana mbwa wanne wa kusakia nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo ya watu. Amekua nao uani. "Lakini wa kwetu, babu, wanakula kwenye kifuu chao."

Kifuu chao. Kishikeni hicho, nitakirudia.

Mabishano haya ukiyasikiliza, huyu anasema mbwa mchafu, yule anasema mbwa wangu namwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya kunukia, msafi kuliko watoto wenu. Wanapishana kama ngalawa mbili usiku zisizo na taa. Lugha yetu ina maneno mawili hapa: uchafu na najisi. Kanzu iliyorukiwa na tope la masika ni chafu, na unaweza kusalia. Kanzu iliyopigwa pasi na kufukizwa udi, ikiwa ilidondokewa na mkojo ukakauka, inapendeza machoni na haisaliki. Mate ya mbwa, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi visiwani hapa, ni najisi nzito. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira inasema chombo kilichorambwa na mbwa hutoharishwa kwa kuoshwa mara saba, ya mwanzo kwa udongo. Ndiyo hesabu aliyokuwa akihesabu yule binti.

Kwa elimu yangu ya mifugo nakwambieni jengine: sahani ile ikipita maji moto na sabuni, mara moja tu, hakuna maradhi ya kumpata mlaji. Nikisema vyengine nitakuwa nawadanganya, na mimi si mtu wa kutisha watu kwa vijidudu ili nishinde hoja ya dini. Kila moja ina mlango wake. Mgeni akileta cheti cha daktari kwamba mbwa wake mzima, amejibu swali ambalo binti yule hakuliuliza.

Kuna watakaosema mbona wa madhehebu ya Maliki wanasema mbwa hai si najisi. Kweli, ndivyo wanavyosema, na hata hao huosha chombo mara saba kwa kuwa ni ibada. Wa Hanafi wanahesabu najisi mate tu, mwili hawauhesabu. Sikuja kusuluhisha maimamu. Nasema tu kwamba jikoni pa Unguja na Pemba wanaosimama kwenye sinki ni watoto wetu, na wamesoma chuoni, madrasa, yale tuliyowasomesha sisi.

Hebu ondokeni Paje, mje mjini. Njooni Jaws Corner jioni, au baraza yoyote ya kahawa. Muuza kahawa ana dele lake, vikombe vyake vidogo, na ndoo moja ya maji ya kusuuzia. Unakunywa, unarudisha, anakichovya kikombe, anampa mwengine. Ndoo ile ni ya lita 20, ikizidi sana. Na chuoni tulifundishwa kwamba maji yasiyofika kullateni, ambayo wanavyuoni wa leo wanayakadiria kama lita 200 hivi, yakiguswa na najisi yamenajisika yote. Kikombe kimoja kikirambwa na mbwa kikaingia ndooni, baraza nzima imeharibika, na wazee watakunywa, watajifuta midomo, wende msikitini bila kujua. Kwa mwenye hoteli ya kitalii mbwa mmoja ni mbwa mmoja. Kwa muuza kahawa mbwa mmoja ni ndoo nzima.

Hapo utamsikia mtu: na paka je? Forodhani paka wamejaa chini ya meza, wanapanda mpaka kwenye viti, wanangojea mkia wa pweza. Naam, na hakuna anayelalamika isipokuwa aliyeibiwa mshkaki. Paka alipewa ruhusa yake zamani: hadithi ya Abu Qatada inasema si najisi, ni katika wanaozungukazunguka kwenu. Mgeni anayeona paka yumo na mbwa hayumo anadhani tuna upendeleo tu. Pengine tunao, lakini una mizizi.

Na msidhani nimekuja kumsema mbwa vibaya. Mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye khofu yake, kiatu chake cha ngozi, akaishika kwa meno akapanda nayo kumnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, huyo alisamehewa madhambi yake. Windo la mbwa aliyefunzwa limehalalishwa katika Suratul Maida. Na mbwa wa watu wa pangoni anatajwa katika Suratul Kahf amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kizingitini, jamani! Hata yule hakuingia ndani mezani.

Sasa sindano, maana mwenyekiti anaitaka. Kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kwa mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na karibu wote wanakipata kwa mbwa. Dalili zikishatoka, mtu hurudi kwa nadra mno. Pemba tulikiondoa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Kikarudi 2016, kikatusumbua, tukachanja tena, kufikia 2018 kikaondoka. Siri yake ni ndogo: ukichanja mbwa saba katika kumi, na ukarudia, ugonjwa unakosa pa kupita. Ukilegea, boti moja yenye mbwa mgonjwa inatosha. Na ukiumwa na mbwa usipake pilipili wala mafuta ya taa: maji na sabuni, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Ninalitaja hili kwa sababu moja. Mbwa anayekaa chini ya meza ufukweni mara nyingi hakuja na mtu. Wale wanaotushughulisha Paje, Jambiani, Nungwi, ni mbwa koko wa pwani. Mgeni anamwona ana mbavu nje, roho inamuuma, anampa mkia wa samaki sahanini. Kesho yake mbwa yuko pale pale na wenzake wawili. Mwenye hoteli hakuruhusu mbwa, wala hakuwakataza, ameacha tu. Hao hawana mkanda, hawana kadi ya chanjo, hawana wa kumuuliza.

Nasikia wanaosema tukikataza tutakosa watalii. Mwaka 2023 Zanzibar tulipokea zaidi ya wageni 600,000. Nambieni, wangapi walishuka uwanja wa ndege na mbwa? Mtu anayekuja kwa wiki moja mbwa kamwacha kwa mamake. Anayedai mbwa wake aingie ni mkaazi, jirani yetu, na jirani tunaweza kuzungumza naye.

Na huko wanakotoka si kwamba mlango uko wazi tu. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya mwaka 2004 inayotaka wanyama wa nyumbani wazuiwe wasifike pale chakula kinapotayarishwa, kinaposhikwa au kuwekwa. Uingereza ukumbi wa kulia ni hiari ya mwenye duka. Marekani mwongozo wao wa usafi wa vyakula, toleo la 2022, umefungua njia mbwa wakae sehemu za kulia za nje, mamlaka ya pale ikiridhia. Ukiangalia vizuri, na wao wana kizingiti chao.

Isipokuwa mbwa mmoja, na hapa natarajia baadhi yenu mtanuna. Mbwa anayemwongoza kipofu. Skuli ya kwanza ya mbwa hao ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani tangu sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 mkahawa hauwezi kumzuia. Wahenga wetu walisema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, wakimaanisha onyo. Basi mwaka 2008, mjini Leicester, Uingereza, kijana wa Kiislamu asiyeona alipewa ruhusa na masheikh aje msikitini na mbwa wake, mbwa akatengewa mahali pa kupumzika mlangoni huku kijana mwenyewe akisali. Amemfuata msikitini kweli, na masheikh wakapata pa kumweka! Kipofu akija hotelini kwako na macho yake ya miguu minne, mpe meza ya pembeni, mletee mbwa maji kwenye chombo chake, na usimsumbue kwa maswali.

Hao wengine, ndani hapana. Nje, barazani au mchangani, mwenye mkahawa aamue, ila abandike kibao mlangoni, Kiswahili kwanza, ili mtu anayechunga udhu wake ajue kabla hajakaa. Mbwa awe na mkanda na chanjo. Asipewe sahani ya watu, hata ya plastiki, hata ya kuazima. Awe na kifuu chake, na kifuu kioshwe nje kwenye bomba la bustani, na mwenye mbwa mwenyewe. Na mfanyakazi asiyetaka kumgusa mbwa asiguse, asifokewe, asihesabiwe mvivu. Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa, hayo mengine mngeyasikia kwa yeyote.

Nimemaliza. Kama kuna swali, moja tu, maana Isha inakaribia.

(Akasimama mama mmoja mwenye mkahawa Nungwi, akauliza: "Maalim, mgeni keshaitua sahani yangu chini, mbwa keshairamba. Nimfukuze?")

La, mama, usimfukuze, atakuchafulia jina mtandaoni. Mletee bili, na kwenye bili andika sahani moja. Mwambie kwa upole kwamba sahani hiyo sasa ni ya mbwa wake, umfungie vizuri kwenye mfuko aende nayo nyumbani.

("Na nimtoze kiasi gani?")

Bei ya sahani zako unaijua wewe.